Neno "Kwa Sababu": Tunavyofundisha Pembe na Pembetatu



Kila Jumamosi saa nane mchana, sisi wanne wa chama hiki hufungua chumba cha mikutano cha parokia hapa Bukavu, tukapanga mabenchi na kuwapokea wanafunzi wa darasa la saba na la nane. Siku nyingine huja 12, siku nyingine hufika 30. Tunawafundisha jiometria, wala hatuongezi somo jingine. Wazazi wengi wametuuliza kwa nini tusiwafundishe Kifaransa, au ushonaji, au kazi yoyote inayoleta mkate nyumbani upesi zaidi. Swali hilo ni la haki. Tungependa kulijibu kwa utulivu mbele yenu, maana baadhi yenu mnasomea ualimu, na wengine huwasaidia wadogo zenu kufanya kazi za shule jioni.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: katika masomo ya umri huo, jiometria ni mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo mtoto hudaiwa sababu pamoja na jibu. Katika hesabu za kawaida anaweza kupata 56 na kupewa alama zake bila kuulizwa zaidi. Katika pembe na pembetatu huulizwa: umejuaje? Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo, na aliyezoea kujibu, hubadilika kidogo kidogo. Tumeyaona mabadiliko hayo kwa macho, na ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Wanafunzi hutujia wakiwa wamebeba kichwani sentensi nyingi za Kifaransa. Ukiwauliza juu ya mistari miwili inayokatana, watakujibu kwa pamoja, kama wimbo, kwamba pembe zinazokabiliana kipeoni ni sawa. Ukiwaomba waziguse pembe hizo kwa kidole, wengi hugusa pembe mbili zilizo jirani. Sentensi wanayo, lakini kitu chenyewe hawajakiona. Basi tunaanza kwa mikono. Kila wawili hupewa vijiti viwili vya mwanzi vilivyofungwa katikati kwa uzi, wakavifungua na kuvifunga kama mkasi. Upande wa juu ukipanuka, upande wa chini nao hupanuka. Ukibanwa mmoja, mwingine nao hubanwa.

Baada ya mikono kuona, tunadai sababu. Pembe ya kwanza na jirani yake zinalala juu ya mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo jumla yake ni nyuzi 180. Pembe inayokabiliana na ile ya kwanza, ikiunganishwa na jirani huyo huyo, inalala juu ya mstari wa pili ulionyooka, na jumla yake ni nyuzi 180 vile vile. Wanaochelewa kuelewa tunawapa mfano wa ndugu wawili waliotumwa dukani, kila mmoja kununua daftari la franka 1800. Mama amempa kaka 1300 juu ya alizokuwa nazo, zikatosha bila kubaki. Amempa mdogo naye 1300 juu ya alizokuwa nazo, zikatosha bila kubaki. Je, nani alikuwa na fedha nyingi zaidi mfukoni? Watoto wanacheka, maana jibu liko wazi: kila mmoja alikuwa na 500. Hapo tunarudi ubaoni. Jirani akiwa na nyuzi 130, kila mmoja wa wale wawili wanaokabiliana ana nyuzi 50. Na jirani akiwa na nyuzi nyingine zozote, hoja haibadiliki.

Hatua ya pili huwa ngumu zaidi, kwa kuwa inagusa imani waliyo nayo katika vipimo. Tunawaomba kila mmoja achore pembetatu anayoitaka, apime pembe zake tatu kwa kipimapembe, kisha azijumlishe. Majibu tunayaandika yote ubaoni: 179, 181, 180, 178, 180, 182. Darasa zima hutaka kupiga kura. Wenye 180 hupaza sauti, wenye 178 hufuta haraka na kuandika 180 ili wasichekwe. Sisi huwakataza kufuta. Aliyepata 178 na kukiandika amesema kweli juu ya alichokiona. Kipimapembe chake kina unene, kalamu yake ina unene, na jicho lake limesimama pembeni. Kipimo hutupatia "karibu". Tunachokitafuta ni "daima", na "daima" hakuna chombo kinachoweza kuipima.

Ndipo tunapochora mistari miwili sambamba na wa tatu unaoikata kwa mshazari, kama herufi Z iliyonyoshwa. Tunanakili umbo hilo kwenye karatasi nyembamba, tunabana ncha ya kalamu katikati kabisa ya ule mshazari, kisha tunaizungusha karatasi nusu mzunguko. Umbo linaangukia juu ya lenyewe, na pembe moja ya Z inafunika nyingine. Sasa tunachukua pembetatu yoyote na kupitisha kwenye kipeo chake cha juu mstari ulio sambamba na kitako chake. Pembe mbili za kitakoni zinapanda, kwa njia ya Z mbili, zinakaa kulia na kushoto kwa pembe ya juu. Zote tatu zimekaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Jumla ni nyuzi 180, iwe pembetatu ya daftarini au iliyo kubwa kama kilima cha Nguba. Yule aliyeandika 178 hupumua. Hakuwa mwongo, na hakuhitaji kura ya wenzake.

Kutoka hapo tunaingia katika somo la maumbo yanayolingana kabisa, na hapo Kiswahili chenyewe hututega. Neno "sawa" tunalitumia kutwa nzima: sawa nimekubali, sawa twende, bei ni sawa, watoto hawa wako sawa. Kwa hiyo tunatenga maneno. Maumbo mawili *yanafanana* yanapokuwa na sura moja hata kama ukubwa ni tofauti, kama picha ndogo ya kitambulisho na picha kubwa ya ukutani za mtu yule yule. Maumbo mawili *yanalingana kabisa* pale moja likibebwa na kuwekwa juu ya lingine yanafunikana bila kuzidi wala kupungua. Fundi cherehani anafahamu jambo hilo anapokata mikono miwili ya shati kwa karatasi moja ya kipimo: mkono wa pili ameigeuza karatasi, lakini haukuzidi wala haukupungua.

Swali linalofuata ndilo kiini cha somo. Pembetatu ina vipimo sita, yaani pande tatu na pembe tatu. Nikitaka mwenzangu aliye chumba cha pili achore pembetatu inayolingana kabisa na yangu, nimpelekee vipimo vingapi? Tunacheza mchezo wa barua. Kundi moja linaficha pembetatu, linaandika vipimo vitatu tu, barua inavuka ukumbi, kundi la pili linachora, kisha tunakata kwa mkasi na kulinganisha. Pande tatu zinatosha. Pande mbili pamoja na pembe iliyo katikati yake zinatosha. Upande mmoja na pembe mbili za ncha zake zinatosha. Pembe tatu peke yake hazitoshi, kwani zinaleta sura bila ukubwa.

Jumamosi moja, mvulana mwenye kumbukumbu kali, ambaye wenzake humwita Profesa, alisimama na kutangaza kanuni yake: vipimo vitatu vyovyote vinatosha, mradi upande mmoja uwemo. Darasa likakubali. Akatuma barua: pembe ya A nyuzi 30, upande wa AB sentimita 8, upande wa BC sentimita 5. Kundi la pili likachora, na karibu wote walipata pembetatu ndefu ambayo upande wake wa AC ulikaribia sentimita 9.9, sawasawa na ile aliyoificha. Msichana mmoja tu alitoa pembetatu fupi, yenye AC isiyofika sentimita 4. Alikuwa wa darasa la nane, na kwa miezi miwili hatukuwa tumesikia sauti yake isipokuwa anapoitikia jina lake. Alikuwa akirudia darasa, na nyumbani kulikuwa na mazungumzo ya kumwachisha shule ili asaidie biashara ya unga ya mama yake sokoni.

Profesa alimwambia mbele ya wote, "Umekosea." Msichana hakubisha. Alisukuma karatasi mbele na kusema, "Kaka, pima." Mvulana akapima pembe: nyuzi 30. Akapima AB: sentimita 8. Akapima BC: sentimita 5. Akapima tena. Ukumbi ukanyamaza, na macho yote yakatugeukia sisi.

Ndugu zetu, wakati kama huo mwalimu hujaribiwa sana kutoa hukumu. Neno moja letu lingemaliza ubishi, na wote wangelikubali kwa sababu limetoka kwetu. Tuliona heri kuwaomba wote wawili watuonyeshe sababu ubaoni. Mvulana alirudia kanuni yake. Msichana alichukua uzi na kipande cha chaki, kwa kuwa bikari kubwa ya ubaoni hatuna, akachora kila kitu kwa kukikuza mara kumi: pembe ya nyuzi 30 kwenye A, mstari ulionyooka unaotoka A, na AB ya sentimita 80. Kisha akashika ncha ya uzi kwenye B, akaacha urefu wa sentimita 50, akazungusha chaki. "Upande wa BC," alisema kwa sauti ndogo, "tunajua urefu wake, lakini hatujui unaelekea wapi. C iko mahali fulani kwenye duara hili, na iko pia kwenye mstari huu. Duara linakata mstari mara mbili." Akaweka nukta mbili. Pembetatu zilikuwa mbili, na zote zilitimiza barua.

Profesa alitazama kwa muda, kisha akasema, "Ni kweli, una haki." Tunampa heshima yake kwa neno hilo, maana si rahisi kulisema mbele ya wenzako ukiwa na miaka 14. Nusu saa iliyobaki ilikuwa yao. Walivuta uzi na kuufupisha. Waligundua kwamba BC ikiwa sentimita 4 kamili duara linaugusa mstari mahali pamoja tu. Ikipungua chini ya 4 hakuna pembetatu kabisa. Ikifika 8 au kuzidi, ile pembetatu ya pili hutoweka. Hatukuwaambia lolote kati ya hayo.

Majuma machache baadaye mama wa msichana alikuja kutuona. Tulidhani amekuja kutuarifu kwamba mtoto hatarudi. Alikaa kwenye benchi, akauliza habari za nyumbani kwetu, kisha akasema, "Walimu, huyu mtoto mmemfanya nini? Siku hizi nikimwambia neno, ananiuliza, 'Kwa sababu gani, mama?' Hata bei ya kipimo cha unga anataka nimwonyeshe nimeipataje." Tulimweleza kwamba katika somo hili anayedai sababu hudaiwa naye pia, na akipewa sababu iliyo sahihi hana budi kuipokea hata kama haimpendezi. Mama akafikiri. "Basi mimi nami nitamdai," alisema, na akaongeza kwamba mtoto aendelee kwanza. Mpaka leo msichana huyo anakuja, isipokuwa Jumamosi ambazo soko limechangamka. Habari ya mwaka ujao haijaamuliwa nyumbani kwao, nasi hatuwezi kuiamua kwa niaba yao. Ila tunajua kwamba itakapozungumzwa, atakuwa na la kusema, na atajua jinsi ya kulisema bila kupaza sauti.

Mara moja kwa mwaka tunawatoa nje. Kando ya uwanja wetu kuna korongo lililochimbwa na mmomonyoko, kama mengi katika mji huu wa vilima, na ng'ambo yake kuna mti. Tunawauliza: tutajuaje umbali wa kufika kwenye mti bila kuvuka korongo? Mwanafunzi mmoja husimama ukingoni akiuelekea mti, kisha huugeukia ukingo kwa pembe mraba na kutembea hatua 20, akachomeka kijiti. Huendelea hatua nyingine 20 kwa mstari ule ule, hugeuka tena kwa pembe mraba, akilipa korongo mgongo, na kutembea mpaka aone kijiti na mti viko kwenye mstari mmoja. Hatua alizotembea mara ya mwisho ndizo umbali wa mti. Kwa sababu gani? Kuna pembe mraba huku na huku, kuna hatua 20 huku na huku, na pale penye kijiti kuna pembe mbili zinazokabiliana kipeoni, zile zile za vijiti vya mwanzi. Upande mmoja na pembe mbili za ncha zake: pembetatu mbili zinalingana kabisa. Mwaka jana tulipata hatua 26. Kamba iliyorushwa ng'ambo na kupimwa baadaye ilitoa 25. Watoto walitaka kujua hoja imekosea wapi, mpaka mmoja wao akatazama miguu ya mwenzake aliyekuwa akitembea na kugundua kwamba hatua zake hazikuwa na urefu mmoja.

Hoja hiyo ni ya kale sana. Proclus, aliyeandika katika karne ya 5, anasimulia kwa kumtegemea mwanahistoria Eudemus kwamba Thalès wa Mileto, aliyeishi karibu miaka 600 kabla ya Kristo, aliweza kueleza umbali wa merikebu zilizo baharini kwa kutumia ukweli huo huo wa upande mmoja na pembe mbili. Mileto ni mji ule ule mnaousoma katika Matendo ya Mitume, ambako Paulo aliwaaga wazee wa Efeso. Tena, kitabu kilichozipanga hoja hizi moja juu ya nyingine, yaani *Elementa* cha Euclide, kinahusishwa na Aleksandria ya Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Vijana wetu hushangaa kusikia kwamba somo wanaloliona kuwa la Wazungu lilipangwa katika mji wa bara letu.

Na kuna mlei mmoja tunayependa kumtaja. Xu Guangqi alikuwa msomi wa China aliyebatizwa mwaka 1603 kwa jina la Paulo. Akiwa Beijing pamoja na padri Mjesuiti Matteo Ricci, alitafsiri vitabu sita vya kwanza vya Euclide kwa Kichina, vikachapishwa mwaka 1607. Iliwabidi waunde maneno ya mistari sambamba, ya pembe kali na ya pembe butu, na baadhi ya maneno yao yanatumika shuleni China hadi leo. Tunamkumbuka kila tunapohangaika ubaoni. Wanafunzi wetu watafanya mtihani kwa Kifaransa, nasi tunawafundisha kuandika hoja zao kwa Kifaransa safi. Lakini tumeona kwamba mtoto anayetoa sababu kwanza katika lugha anayoiwazia, akisema pembe, kipeo, sambamba, hupata baadaye maneno ya Kifaransa yenye mzigo ndani yake. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba yetu ya mwaka 2006. Kina nguvu ya kutosha kubeba uthibitisho.

Hatusemi kwamba kila jambo la maisha lina uthibitisho kama pembetatu. Msamaha hauna, wala urafiki, wala uamuzi wa baba na mama juu ya fedha ambazo hazitoshi. Anayedai uthibitisho wa namna hiyo kila mahali atachosha watu na kujichosha mwenyewe. Lakini tunaishi katika mji ambamo uvumi hutangulia habari. Sauti inatumwa kwenye simu asubuhi, jioni watu wamefunga maduka au wamegombana na jirani, na ukiuliza wamejuaje utaambiwa kwamba wengi wamesema. Kijana aliyewahi kuona karatasi moja ndogo ikisimama mbele ya darasa zima, kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa vya kweli, ana silaha fulani dhidi ya hayo. Atauliza sababu kabla ya kusambaza. Na akigundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa upande usio sahihi, atakuwa ameshajifunza kusema "una haki" bila kuona aibu.

Kikundi chochote cha vijana kinaweza kuanza. Vifaa ni vijiti, uzi, karatasi, mkasi na bikari moja, ile ambayo wadogo zenu huiita kompa. Anzeni na fito tatu mlizopigilia misumari kwenye ncha. Isukumeni: haiyumbi, maana pande tatu zimekwisha kuamua pembe zote. Pigilieni fito nne, nazo zitalala upande kama mlevi, mpaka muongeze wa tano kwa mshazari. Kisha mpelekeni mtoto atazame mbao za paa la nyumba yoyote inayojengwa mtaani kwenu, ahesabu pembetatu zilizomo, na amuulize fundi kwa nini ameziweka. Fundi atakuwa na sababu. Mtoto aisikilize, airudie kwa maneno yake mwenyewe, na ninyi mmwulize: je, umeridhika nayo, na kwa sababu gani?